Mlango Mmoja kwa Watu Wote



Mji wa Dar es Salaam haulali kwa kujenga. Ukitoka Magomeni ukashika njia ya Mwananyamala, Kawe hata Bunju, au ukiingia upande wa Temeke ukapita Chang'ombe, Tandika na Yombo hata Mbagala, ni taabu kuuona mtaa usio na fundi juu ya ukuta. Nyumba zajengwa, maduka yajengwa, shule na zahanati zajengwa, na misikiti pia yajengwa. Hayo yote ni mambo ya kheri. Lakini mwezi huu twataka kuuliza swali moja tu, nalo ni dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: mlango huu unaojengwa, ni nani atakayeweza kuuingia?

Kila mwenye nyumba atajibu upesi kwamba mlango wake u wazi kwa kila mgeni, na hatuna shaka kwamba asema kweli ya moyo wake. Lakini mlango nao una maneno yake, na maneno hayo si ya mwenye nyumba. Ngazi tatu zisizo na pa kushikia humwambia mzee mwenye maumivu ya magoti kwamba akae nje. Mlango mwembamba humwambia kijana wa kiti mwendo kwamba hapa si pake. Mtaro usio na kifuniko humwambia asiyeona kwamba njia hii itamvunja mguu. Hapana aliyekusudia kumfukuza mtu, na hata hivyo mtu amefukuzwa. Ndiyo maana jambo hili lafaa kuzungumzwa nyumbani, baina ya wazazi na watoto, kabla ya fundi kuitwa.

MANENO MAWILI NA TOFAUTI YAKE

Wataalamu wa majengo na wa haki za watu wenye ulemavu wana maneno mawili ambayo yafaa tuyajue. La kwanza ni ufikivu. Maana yake ni kwamba mtu mwenye ulemavu aweze kukifika mahali, aingie, atumie kilichomo na kutoka salama, kama watu wengine. La pili ni usanifu wa watu wote. Maana yake ni kwamba kitu kichorwe na kujengwa tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wengi kadiri iwezekanavyo, wazima na wagonjwa, wakubwa na wadogo, waweze kukitumia bila ya kuhitaji kutengenezewa cha peke yao.

Wako wanaodhani kwamba haya ni jambo moja lenye majina mawili. Wako na wengine wanaodhani kwamba la pili limekuja kulifuta la kwanza. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao huwaumiza watu. Tutatoa mfano ili jambo liwe wazi.

Chukua shule iliyojengwa juu ya msingi mrefu wenye ngazi. Mtoto asiyeweza kutembea aandikishwa, na kamati, kwa huruma, yajenga njia ya mteremko nyuma ya jengo karibu na jiko. Mtoto sasa afika darasani. Huo ni ufikivu, na ni neema kwake na kwa wazazi wake. Lakini kila asubuhi wenzake huingia kwa mlango wa mbele wakicheka, naye huzunguka nyuma peke yake penye moshi. Sasa chukua shule nyingine iliyochorwa tangu siku ya kwanza kwa njia pana yenye mteremko mpole hata mlango mkubwa. Mtoto yule huingia pamoja na rafiki zake. Mwalimu mjamzito hupita hapo hapo, na mpishi mwenye toroli la maji hupita hapo hapo, na babu aliyekuja kumwuliza mwalimu mkuu habari za mjukuu wake hupita hapo hapo. Hapana anayeuliza njia hii ilijengwa kwa ajili ya nani. Huo ndio usanifu wa watu wote.

Jina hilo lilienezwa na msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, katika miaka ya 1980. Alipatwa na polio utotoni akawa mtumiaji wa kiti mwendo, na aliisoma kazi ya kuchora majengo hali majengo yenyewe yakimkataa. Mwaka 1997 yeye na wataalamu wenzake walitoa kanuni saba, ambazo kwa ufupi ni hizi: kitu kitumike na wote kwa usawa, kikubali namna mbalimbali za kutumiwa, kieleweke upesi, habari zake zipatikane kwa macho, kwa masikio au kwa kugusa, kosa dogo lisilete hatari kubwa, kisihitaji nguvu nyingi, na kiwe na nafasi ya kumtosha mtu wa umbo lolote. Mace alifariki mwaka 1998, lakini kanuni hizo zaendelea kufundishwa.

KINACHOMFAA MMOJA HUWEZA KUMDHURU MWINGINE

Mtu aweza kuuliza: ikiwa usanifu wa watu wote ni mzuri hivyo, kwa nini tusiushike huo peke yake? Jibu liko njiani, penye ukingo wa barabara.

Ukingo ulioinuka ni adui wa kiti mwendo. Lakini asiyeona, anayetembea kwa fimbo, huutambua ukingo huo kwa fimbo yake na kujua kwamba hapa ndipo njia ya miguu inapokwisha na magari yanapoanza. Ukiusawazisha ukingo kwa ajili ya watu wote, umemfungulia njia mwenye kiti, na papo hapo umemwondolea asiyeona alama iliyokuwa ikimlinda. Basi je, tuache ukingo au tuuondoe? Usawazishwe, kisha yawekwe pale matofali yenye vinundu ambavyo mguu na fimbo huvihisi. Matofali hayo yalibuniwa na Mjapani aitwaye Seiichi Miyake, nayo yaliwekwa barabarani kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Leo yanatumika katika nchi nyingi za dunia.

Hapo uhusiano wa mambo haya mawili huonekana. Usanifu wa watu wote hupunguza idadi ya watu wanaoachwa nje. Ufikivu humtazama yule mmoja aliyebaki nje hata baada ya hayo, na kumwuliza akosa nini. Usanifu bila ya ufikivu husema "watu wote" na kumsahau mtu. Ufikivu bila ya usanifu hushona viraka juu ya nguo mbovu mwaka hata mwaka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, umeyaweka yote mawili. Ibara yake ya 2 yaeleza usanifu wa watu wote, kisha yaongeza kwamba usanifu huo hauondoi haja ya vifaa maalumu kwa wale wanaovihitaji. Ibara ya 9 yaeleza wajibu wa ufikivu katika majengo, barabara, usafiri na habari. Mwaka 2014 kamati inayousimamia mkataba huo ilifafanua kwamba wajibu wa ufikivu hutangulia: mjenzi hangoji hata mtu aje kulalamika mlangoni. Vitu vipya vijengwe kwa usanifu wa watu wote, na vya zamani vizuizi vyake viondolewe hatua kwa hatua. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kwa hiyo jambo hili katika nchi yetu si hisani tu. Ni haki iliyoandikwa.

Wala wenye haki hiyo si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Hayo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Haiwi safu ya sala, wala darasa, wala karamu ya harusi asimokuwamo mtu wa namna hiyo, ila awe ameachwa nyumbani.

KITUO NA NJIA YA KUKIFIKIA

Wakazi wa Dar es Salaam wana mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Mwezi Mei 2016 ilianza safari ya mabasi yaendayo haraka, ambayo watu wameyaita mwendokasi. Awamu ya kwanza ilikuwa na urefu wa kilomita 20.9 na vituo 27, kutoka Kimara hata Kivukoni, na matawi yake ya Kariakoo na ya Morocco katika Kinondoni. Upande wa Temeke, awamu ya pili imejengwa katika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala.

Anayezikumbuka ngazi za daladala ajua kilichobadilika. Sakafu ya kituo imeinuliwa ikawa sawa na sakafu ya basi, na pa kuingilia kituoni pamefanywa mteremko. Jambo hilo lafaa kwa mwenye kiti mwendo, lakini tazama ni nani wengine wanaolifaidi: mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mzee atokaye kliniki, mchuuzi mwenye mzigo, msichana aliyevunjika mguu kwa muda. Hata kijana mwenye nguvu afaidika, kwa kuwa basi hupakia upesi pale ambapo hapana anayepanda ngazi.

Lakini safari haianzi kituoni, huanza nyumbani. Baina ya kituo na mlango wa mtu katika vichochoro vya Mwananyamala, Tandale, Keko au Mtoni kuna mchanga unaozamisha magurudumu, kuna mitaro iliyo wazi, kuna madimbwi ya masika, kuna meza za biashara zilizoziba njia ya miguu na pikipiki zinazopita juu yake. Safari ni mnyororo, na mnyororo una nguvu sawasawa na pete yake iliyo dhaifu. Sakafu ya kituo yaweza kuwa sawa kama kioo, na isimfae kitu mtu aliyekwama penye mtaro wa mtaani kwake.

Na liko zaidi ya hilo. Jioni watu wanapoukimbilia mlango wa basi kwa kusukumana, mlango uliojengwa sawa hufungwa na mabega yetu wenyewe. Msanifu amefanya yake, sisi je? Vijana wanaosoma kurasa hizi wajue kwamba kumpisha mzee na kumwachia nafasi mwenye fimbo ni sehemu ya usanifu ambayo hapana mhandisi awezaye kuijenga kwa saruji.

NYUMBA NA MVUA

Sasa twende nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ya mitaa yetu ya zamani ilikuwa na mengi mema kwa watu wote: ilikuwa ya chini, isiyo na ghorofa, yenye ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hata uani, na vyumba pande mbili. Mgonjwa aliweza kukaa barazani akawaona wapitao na kusalimiwa nao. Lakini baraza lenyewe huwa limeinuka, na choo huwa mbali uani, na humo mna giza na utelezi.

Tena iko sababu iliyotufanya tuinue misingi, nayo ni maji. Anayekaa bondeni, kando ya Mto Msimbazi au katika sehemu nyingine zinazofurika, hana budi kuweka kizingiti juu na ngazi mbele. Hatuwezi kumlaumu mtu anayejikinga na mafuriko. Kinga ya maji ya masika huwa kizuizi cha bibi wakati wa kiangazi, na kazi ya mjenzi ni kuyapatanisha mambo mawili, asiliache moja likalimeza jingine.

Upatanisho huo una hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kuinuka, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Basi mteremko wake wahitaji mita 5.4. Mtu atasema, "Kiwanja changu ni kidogo, mita hizo nitazipata wapi?" Si lazima njia iende mbele moja kwa moja. Yaweza kuufuata ukuta wa ubavuni, ikageuka penye kituo kidogo cha kupumzikia, na kuishia barazani. Mteremko mfupi ulio mkali si msaada, ni mtego. Wengi hujenga huo ili wasiambiwe hawakujenga, na mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda wala kuushuka salama.

Mambo mengine hayahitaji hata nafasi. Mlango wenye upana wa sentimita 90 hauongezi tofali hata moja juu ya ule wa sentimita 70, nao humpitisha mwenye kiti mwendo, na kitanda, na jeneza. Chuma cha kushikia chooni, kilichofungwa imara ukutani, humsaidia mzee kuinuka, humsaidia mama mjamzito, na humzuia mtoto kuteleza. Swichi ya taa iliyowekwa chini kidogo huifikia mkono wa aliyekaa na wa mtoto. Rangi tofauti penye ukingo wa ngazi humwonyesha mwenye macho dhaifu mahali pa kukanyaga. Mambo hayo yakifanywa wakati wa kujenga, gharama yake ni ndogo. Yakingojwa hata msiba utokee, hapo ndipo ukuta hubomolewa kwa fedha zilizokusudiwa dawa.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Mwenye kujenga nyumba akiwa na miaka 30 amjengea pia mtu ambaye hajamjua bado, naye ni yeye mwenyewe akiwa na miaka 75.

NYUMBA ZA IBADA

Hatuwezi kuzungumza milango ya watu tukaisahau milango ya misikiti, kwani huko ndiko tunakokusanyika wote. Na mafundisho ya dini yetu yanatuonyesha mambo haya mawili kwa uwazi mkubwa.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba sahaba Imran bin Husayn alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume s.a.w. habari ya sala yake. Aliruhusiwa kusali kwa kusimama, na akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Hiyo ni ruhusa ya mtu mmoja kwa udhuru wake. Imepokewa vilevile kwamba Mtume s.a.w. aliwaagiza maimamu wasirefushe sala wanapowasalisha watu, kwa kuwa miongoni mwao wamo wanyonge, wagonjwa na wazee. Hapa mgonjwa hakutakiwa kuomba kitu. Sala ya jamaa yote ilipangwa kwa kipimo cha dhaifu wao, na wenye nguvu hawakupungukiwa na lolote. Ruhusa ya mmoja ipo, na wepesi wa wote upo, wala kimoja hakikukifuta kingine.

Basi yafaaje imamu aifupishe sala kwa ajili ya mzee, hali mzee huyo ameshindwa kuupanda mlango? Kamati za misikiti zatakiwa kutazama mahali pa kutawadhia: je, sakafu yateleza? Yapo mabomba yenye viti vya kukalia? Yako wapi mahali pa wanawake, na bibi atafikaje huko ikiwa ni ghorofani? Asiyesikia ataielewaje hotuba ya Ijumaa? Abdullah bin Ummi Maktum hakuwa akiona, naye alikuwa mwadhini wa Mtume s.a.w. pamoja na Bilal. Hakuletwa msikitini ili ahurumiwe. Aliletwa akapewa kazi, na watu wakaisikia sauti yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila familia inayojenga imwite fundi kabla ya msingi kuchimbwa, imwambie waziwazi: twataka njia isiyo na ngazi, milango mipana na choo cha kushikia. Fundi hujenga alivyozoea mpaka aambiwe vingine.

Pili, vijana wa mtaa wachague njia moja, kutoka nyumbani kwa mwenzao mwenye ulemavu hata shuleni, msikitini au kituoni, waipite pamoja naye na kuandika kila kizuizi. Kisha kinachowezekana kwa jembe na mbao wakifanye wenyewe, na kilichowashinda wakipeleke kwa maandishi serikali ya mtaa. Kuondoa udhia njiani ni katika imani. Na mtaro usiofunikwa ni udhia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wenye ulemavu wenyewe waitwe katika kamati tangu siku ya kuchora, wasiitwe siku ya ufunguzi kuja kupigwa picha. Katika Temeke, huko Yombo, kiko chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu. Wako humo watu wenye mikono ya kazi na akili ya kupima. Mwenye kiti mwendo ajua mteremko kuliko mwenye rula, na asiyeona ajua njia kuliko aliyeichora. Wakati mwingine watapingana, mmoja akitaka ukingo na mwingine asiutake. Wapewe nafasi wajadiliane, kwani katika mjadala huo ndimo litakamotoka tofali lenye vinundu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe na nafasi kwa waliomo na kwa wajao, na atuwezeshe kujenga mlango mmoja ambao watu wote watauingia pamoja.

Wabillahi tawfiq.